DARSA LA RAMADHANI, SIKU YA 19: Mlinzi wa zaka na mwizi aliyerudi mara tatu



Wazee wangu, mama zangu, ndugu na vijana wetu wa Mpanda, na nyote mnaotufuata kutoka Karema, Mishamo, Inyonga na Majimoto, poleni na swaumu. Mvua ya jana ilituchelewesha Tarawehe na umeme nao ukakatika, lakini safu zilijaa, alhamdulillah.

Kesho jua likizama tunaingia kumi la mwisho. Leo nilipanga kuzungumzia itikafu. Nimeiahirisha hadi kesho, kwa sababu jana baada ya swala kijana mmoja alinionyesha meseji iliyoingia kwenye simu ya bibi yake. Nikaisoma mara mbili. Ni ile ile ya mwaka jana, wamebadilisha jina tu. Kwa hiyo leo lazima niwaeleze vizuri jambo ambalo mwaka jana niliwaeleza nusu.

Mnakumbuka mwaka jana nilipanda mimbari siku ya Ijumaa nikasema, "Akaunti yangu ya WhatsApp imedukuliwa, msitume pesa." Neno zuri hilo, imedukuliwa. Linasikika kama radi imepiga paa, yaani mwenye nyumba hana kosa. Ukweli ni kwamba haikudukuliwa. Niliitoa mwenyewe kwa mkono wangu.

Ilikuwa siku ya 17, baada ya Alasiri. Nimetoka kufundisha madrasa, kichwa kinagonga, nimejilaza barazani nasubiri Magharibi. Ikaingia meseji kutoka kwa sheikh mwenzangu tuliyesoma naye, yuko mkoa mwingine. Picha yake, jina lake, namba yake ile ile ninayoijua. Salamu ndefu na dua nzuri. Kisha akaniambia wameanzisha kundi la maimamu kwa ajili ya darsa za kumi la mwisho, na ili niunganishwe nitaletewa namba sita kwa meseji ya kawaida, nimrushie haraka kwa sababu muda wake unaisha. Namba zikaingia. Pale pale kwenye meseji pameandikwa wazi kwamba nisimpe mtu yeyote. Nililiona hilo onyo. Nikamtumia.

Dakika mbili hazikupita, simu ikaniambia kwamba namba yangu imesajiliwa kwenye simu nyingine.

Yule sheikh mwenzangu alikuwa ameibiwa kwa njia hiyo hiyo asubuhi yake. Niliyekuwa naandikiana naye hakuwa yeye. Na sasa aliyekuwa anaandikiana na ninyi hakuwa mimi. Mazungumzo yangu ya zamani hakuyapata, hayo hayamfuati mwizi, lakini alikuwa ndani ya kila kundi nililomo, anaona namba zenu na majina yenu. Akaandika: mwaka huu zakatul fitri tunakusanya mapema ili iwafikie mafukara kabla ya Idi, tumeni kwa namba hii, jina litakuja la mhazini mpya. Akamaliza kwa jazakumullahu khayran. Mimi mwenyewe ningeisoma ningedhani nimeiandika mimi.

Wengi wenu mlinipigia simu, Allah awalipe. Wanne walituma.

Kijana fundi simu wa pale karibu na stendi ndiye aliyenisaidia kesho yake. Kumbe kumtoa mwizi si kazi kubwa: unaingiza namba yako upya, unaletewa namba sita nyingine, unaziweka, naye anatoka. Mimi sikujua, ndiyo maana alikaa ndani usiku mzima. Na kwa kuwa alikuwa ameshaweka namba yake ya siri ya hatua ya pili, alitoka yeye, na mimi nikabaki nje siku saba nikisubiri. Siku saba za Ramadhani imamu wenu hana WhatsApp. Labda ilikuwa na kheri yake, maana nilisoma juzuu nyingi kuliko kawaida.

Sasa twende kwa Abu Huraira, radhi za Allah ziwe juu yake.

Hadithi hii iko katika Sahihi Bukhari, na wengi mnaijua kwa sababu ndiyo inayotufundisha kusoma Ayatul Kursiy tunapolala. Lakini tukiisimulia huwa tunakimbilia mwisho wake. Leo tuanze mwanzo. Mtume (s.a.w.) alimpa Abu Huraira kazi ya kulinda zaka ya Ramadhani. Ni chakula kilichokusanywa, haki ya mafukara. Usiku akaja mtu, akaanza kuchota chakula kwa mikono. Abu Huraira akamkamata, akamwambia atampeleka kwa Mtume. Yule mtu hakupigana. Alilia shida: mimi ni mhitaji, nina watoto, hali yangu ni mbaya. Abu Huraira akamhurumia, akamwachia. Asubuhi Mtume akamuuliza mateka wake wa jana amefanya nini. Akaeleza. Mtume akamwambia kwamba yule amemdanganya, na atarudi. Usiku wa pili akarudi kweli, na maneno yale yale, na Abu Huraira akamwachia tena. Usiku wa tatu alipobanwa akabadilisha mbinu. Akasema, niache nikufundishe maneno yatakayokufaa mbele ya Allah. Akamfundisha Ayatul Kursiy na ulinzi wake mpaka asubuhi. Akaachiwa. Asubuhi Mtume akasema kwamba safari hii amesema kweli, ingawa yeye ni mwongo, kisha akamfahamisha kuwa aliyekuwa akizungumza naye siku zote tatu ni shetani.

Angalieni amekwenda wapi. Hakwenda sokoni. Alikwenda pale penye amana, katika mwezi wa amana, usiku, kwa mlinzi aliyechoka. Na hakuvunja mlango kwa nguvu. Aliingia kupitia huruma ya mlinzi. Abu Huraira si mjinga, huyu ni mtu aliyehifadhi hadithi za Mtume nyingi kuliko sahaba yeyote. Alipitiwa kwa sababu moyo wake ni mzuri.

Sasa fungua simu yako utazame. "Mama, simu yangu imeharibika, hii ni namba ya rafiki yangu, nitumie nauli." Hapo ameshika huruma ya mama. "Mimi ni mwalimu wa mwanao, ameanguka, yuko hospitali." Hapo ameshika hofu. "Samahani ndugu, nimekosea kutuma 150,000 kwako, ni hela ya matibabu, naomba unirudishie." Huyu ameshika ucha Mungu wako, anajua Muislamu hali cha mtu. Kumbe hakuna kilichoingia. Ni meseji aliyoiandika yeye kwa mkono ifanane na ya mtandao. Ukitazama salio lako utalikuta pale pale lilipokuwa. Na meseji ya kweli ya muamala huja kwa jina la huduma, haiji kwa namba ya mtu.

Kuna yule mwingine anayerusha meseji kwa watu elfu: ile hela tuma kwenye namba hii. Hajui ni hela gani. Lakini katika watu elfu hawakosekani wawili au watatu ambao siku hiyo wanadaiwa kodi ya nyumba au hela ya mbolea, nao wanadhani ni mwenye deni wao. Na msimu wa masoko ya tumbaku ukifika, wakulima wetu watakuwa na hela kwenye simu, na matapeli wanajua kalenda yetu ya kilimo kama wanavyojua kalenda ya Hijria.

Na wa usiku wa tatu, yule anayekuja na aya, ndiye ninayemwogopa zaidi. "Umra ya bure kwa watu mia wa kwanza, bonyeza linki hii." "Bando la bure la mwezi mtukufu, watumie ndugu kumi." Unabonyeza, unafunguka ukurasa wenye rangi na nembo unazozijua, unaambiwa uweke namba ya simu na namba ya siri ili kuthibitisha. Ukiweka, umemkabidhi ufunguo. Ndani ya ujumbe wake mnaweza kuwa na hadithi sahihi kabisa. Shetani alimfundisha Abu Huraira jambo la kweli. Kwa hiyo kusema, "Lakini sheikh, alinisomea dua," si ushahidi. Mwongo anaweza kubeba neno la kweli, na neno likabaki kuwa kweli, naye akabaki kuwa mwongo.

Mambo mawili katika kisa hiki yamenisumbua mwaka mzima.

La kwanza, Abu Huraira kila asubuhi alisema. Aliulizwa akajibu alivyotapeliwa, bila kujipamba. Usiku wa kwanza angeweza kuficha, chakula chenyewe kilikuwa magao machache. Hakuficha.

La pili, katika kisa chote Mtume hakumkaripia kwa huruma yake. Alimpa habari aliyoihitaji: amekudanganya, atarudi. Basi.

Sasa niwaambie kuhusu yule wa nne.

Kati ya wale wanne waliotuma, watatu waliniambia usiku ule ule. Wa nne sikumjua mpaka usiku wa 27. Ni mama mmoja wa hapa mjini, anauza dagaa wakavu sokoni. Baada ya Tarawehe alinisubiri nje mpaka watu wote wakaondoka. Alikuwa ametuma 45,000. Ndiyo zakatul fitri ya nyumba yake, watu saba, ameidunduliza tangu Shaaban. Siku kumi alikaa nayo moyoni. Hakumwambia mume wake, hakuwaambia watoto, hakuniambia mimi. Ijumaa aliposikia tangazo langu alikuwa amekaa ndani ya msikiti, upande wa wanawake, akaona aibu kuinua uso.

Nikamwambia, mama, pole, matapeli hawa ni wajanja, usijilaumu kwa kumwamini. Akanitazama. Akasema, "Sheikh, mimi sikumwamini tapeli. Nilikuamini wewe."

Sikuwa na la kujibu. Hakusema kwa hasira.

Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i zaka ikipotea kabla ya kuwafikia wanaostahiki, mwenye uwezo anaitoa tena. Nikamwomba idhini nimtolee mimi, kwa sababu mlango ulifunguliwa na mimi. Alikataa, tukabishana pale nje karibu nusu saa, mwishowe akakubali nitoe ya watu wanne, na yeye akatoa ya watatu. Kilo mbili na nusu za mchele kwa kila kichwa, zikafika kabla ya swala ya Idi. Ama ile 45,000, nilimkumbusha kisa kingine kilichomo humo humo katika Bukhari, cha mtu aliyetoka usiku na sadaka yake ikaangukia mikononi mwa mwizi, usiku mwingine kwa mzinifu, usiku mwingine kwa tajiri, watu wakamsema, naye akaambiwa sadaka yake imekubaliwa. Ujira wa nia yake uko kwa Allah. Hela yenyewe haikurudi.

Na ingeweza kurudi, pengine. Hapo ndipo ninapoumia. Ukituma kwa tapeli, zile dakika za mwanzo ni mali. Ukipiga 100 kwa mtandao wako palepale, kama pesa haijatolewa kwa wakala, wanaweza kuizuia. Baada ya siku kumi hakuna cha kuzuia. Yule mama hakupiga kwa sababu aliona aibu, na aliona aibu kwa sababu mimi imamu wake nilisimama kwenye mimbari nikajiweka upande wa watu walioonewa, wala sikusema, "Jamani, mimi nimedanganywa, nilitoa namba mwenyewe." Ningesema hivyo, labda naye angesema yake Ijumaa ile ile. Nimeliweka hili mbele ya Allah mara nyingi. Leo naliweka mbele yenu.

Kwa hiyo ukitapeliwa, sema. Mwambie mkeo, mwambie mumeo, niambie mimi. Na wewe unayeambiwa, usicheke, wala usianze na "wewe nawe, ulikuwa unafikiria nini!" Mzee wa miaka 70 akichekwa mara moja na wajukuu zake, mara ya pili hatawaambia.

Turudi kwenye kinga. Sura ya Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tukijiwa na habari na mtu asiyeaminika tuichunguze kwanza tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Wafasiri wengi wanataja sababu ya kushuka kwake, kwamba ni habari isiyo ya kweli kuhusu Banu Mustaliq na zaka yao, habari iliyokaribia kuleta vita. Tazama, zaka tena. Kuchunguza huko kunaitwa tabayyun, na ni amri ya Qur'ani, si uoga wa watu wa kijijini wasiojua simu janja.

Na kuchunguza kunataka muda, ndiyo maana tapeli hakupi muda. Meseji zao zote nilizozisoma, na mwaka huu nimezisoma nyingi, zina haraka ndani yake. Sasa hivi. Muda unaisha. Usikate simu. Nipo hospitali. Sisi walimu darasani tunawaambia watoto wasome swali mara mbili ndipo wajibu, na mtoto anayefeli mara nyingi anajua jibu, ila hakusoma swali. Mimi mwalimu mwenye stashahada yangu nililiona onyo, sikulisoma.

Ndugu zangu, swaumu inatufundisha nini kila jioni? Tende iko mkononi. Ni yako, ya halali, umeinunua. Mate yanajaa mdomoni. Imebaki dakika moja, na huli. Hakuna polisi aliyesimama hapo. Basi kama unaweza kuisubirisha tende yako mwenyewe, unaweza kumsubirisha mtu usiyemwona kwa dakika tano, umpigie mwanao kwenye namba yake ya zamani usikie sauti yake. Mgonjwa wa kweli hafi kwa sababu ulipiga simu kuuliza. Na mtandao au benki ya kweli haikasiriki ukikata simu ukaipigia wewe mwenyewe kwa namba unayoijua.

Namba ya siri haombwi mtu. Si wakala, si huduma kwa wateja, si polisi, si mimi. Zile namba sita vilevile, hata anayeomba akiwa na picha ya baba yako mzazi. Unapotuma pesa, kabla ya kuweka namba ya siri linakuja jina. Lisome. Akikwambia mapema "jina litakuja lingine, usijali," hapo ndipo pa kujali. Ukiona linki, tazama anuani yake: tovuti za Serikali yetu huishia na .go.tz, na ukiambiwa ni mkopo wa Serikali kisha anuani ina maneno mengine mengi yasiyoeleweka, achana nayo. Usimrushie mwenzako "kama itamfaa." Ukiirusha wewe, yeye atakuamini wewe, kama mama yule.

Meseji ya utapeli ukiipata, itume kwenda 15040 pamoja na namba iliyokutumia. Hiyo ni namba ya TCRA na haikatwi hela. Wengine wanaona ni usumbufu bure. Laini ile ikifungwa kwa sababu ya meseji yako, kuna bibi wa Kasokola au wa Kawajense hatapata simu ile kesho. Hiyo nayo ni sadaka, na haijakugharimu hata senti.

Nina neno na vijana, na nitalisema wazi. Ripoti za TCRA za miaka hii zimekuwa zikitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa mbele kwa majaribio ya ulaghai wa simu. Msicheke. Hadi mwaka 2012 sisi na Rukwa tulikuwa mkoa mmoja, ni ndugu zetu, na waliotapeliwa kule ni wengi kuliko matapeli. Na hapa kwetu wapo. Nimeshaletewa na mzazi mmoja kijana wake ambaye ghafla ana pikipiki na hana kazi. Kijana akaniambia, "Sheikh, mimi sitapeli mtu, mimi nauza laini tu." Anasajili laini kwa vidole vya watu kisha anaziuza. Nikamuuliza, anayewashikia wezi ngazi ataswali safu gani?

Fungueni Sura ya Baqara. Aya za swaumu zinaanza 183 zinamalizika 187, na tunazisoma kila mwaka mpaka watoto wa madrasa wanazijua. Aya inayofuata, ya 188, moja kwa moja, inakataza kula mali za watu kwa batili. Umeacha maji ya halali mchana kutwa, kisha usiku unakula 45,000 ya muuza dagaa? Mlango wa toba uko wazi, lakini haki ya mja inarudishwa kwa mja. Kama humjui uliyemwibia, njoo tuzungumze, sitakuuliza mbele ya watu. Na mjue pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo, na watu wanafungwa.

Wazee, mkisajili laini au mkirekebisha usajili kwa wale vijana wa miavuli barabarani, akikwambia "weka kidole tena, haijasoma," mara ya pili, ya tatu, muulize inasoma nini. Inawezekana kabisa ni mashine tu. Inawezekana pia kidole cha kwanza kimesajili laini yako na cha pili kimesajili ya mtu usiyemjua, na siku ikitumika kuiba, polisi watabisha hodi kwako. Piga *106# utaona laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kuna mzee wetu alipiga wiki iliyopita, anajua ana laini moja, akakuta tatu. Amekwenda kuzifuta.

La msikiti. Kuanzia mwaka huu, chaneli hii haitatuma namba ya kupokea pesa. Namba ya zakatul fitri ni moja, imebandikwa kwenye ubao mlangoni pamoja na jina litakalotokea, na ikibadilika itatangazwa kwa mdomo baada ya swala, mimi nikiwa nimesimama mnaniona. Ukiona namba imeandikwa humu, hata kwa jina langu na kwa salamu zangu, jua si mimi, nipigie. Usiku wa manane nipigie. Sitaona umenidharau kwa kutoniamini, nitaona umeilinda zaka.

Leo baada ya Tarawehe vijana wanne watakaa barazani, na upande wa akina mama watakaa ustadhati wawili. Njooni na simu zenu. Mwenye WhatsApp atawekewa ile namba ya siri ya hatua ya pili, ambayo mimi ningekuwa nayo mwaka jana namba sita zisingemtosha yule mwizi. Namba hiyo utaibonyeza mwenyewe, kijana atageuza uso, na ukiona hakugeuza mwambie ageuze. Mwenye kitochi atasaidiwa kupiga *106#. Yule mama muuza dagaa atakuwepo upande wa akina mama. Amekubali kuwaeleza mwenyewe ilivyokuwa, na ameniomba niwaandikie kwamba mtu akimcheka atamcheka yeye pia.

Futari njema. Tusahau kila kitu ila tusisahau kumwombea bibi wa yule kijana, anaumwa miguu tangu juzi, na hela yake haikwenda popote.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.